Usiuze mtamba ukanunue kamera kabla hujasoma haya

Je, mwanao au mpwa wako amewahi kukujia na simu mkononi, akakuonyesha picha ya kamera ndogo inayotosha mfuko wa koti, kisha akakuapia kwamba hiyo ndiyo itakayomtoa kwenye umaskini? Kama bado, jiweke tayari. Vijana wengi waliomaliza shule wakakosa kazi hawaombi tena mtaji wa kibanda wala pikipiki. Wanaomba kamera. Na kamera, tofauti na jembe au cherehani, ni chombo ambacho mzazi hajui akipime kwa pishi gani.

Kwetu Isebania swali hilo lilikuja na ng'ombe ndani yake. Mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na mitatu, hujipatia riziki kwa kupiga picha za arusi, mazishi, harambee na sherehe za shule pande zote mbili za mpaka, kwetu Kenya na ng'ambo ya pili, Sirari, Tanzania. Chombo chake ni Nikon D700, kamera kubwa nyeusi aliyoinunua Nairobi ikiwa imekwishatumika. Sasa alitaka kuiuza, ajumlishe fedha hizo na za mtamba wa mama yake, ambaye ni dada yangu, kisha anunue Fujifilm X100V, ile ndogo inayosifiwa na vijana usiku na mchana. Dada yangu hakukubali wala hakukataa. Alinipigia simu akaniambia, "Wewe ndiye mtu wa magazeti, unashinda na watu wa kamera. Njoo uniambie mtamba wangu anakwenda kununua nini."

Basi nikaazima X100V ya mwenzangu mmoja kazini, nikapanda gari. Kwa siku tano tulizibeba kamera hizo mbili kila tulikokwenda, moja yangu na moja ya mpwa wangu, na jioni tukizilinganisha picha kwenye tarakilishi. Nitakayokueleza hapa ndiyo niliyoyaona.

Kwanza tuelewane kuhusu vyombo vyenyewe. Nikon D700 ilitolewa Julai 2008, na bei yake Marekani ilikuwa karibu dola 3,000 bila lenzi. Ilikuwa ndugu mdogo wa D3 ya 2007, kamera iliyobebwa na wapiga picha wa magazeti na wa michezo kote duniani. Kilichowekwa ndani kilikuwa kile kile, mwili tu ndio uliopunguzwa. Ni ya aina inayoitwa DSLR, yaani ndani yake mna kioo kinachopeleka mwanga wa lenzi hadi jichoni mwako. Ukibonyeza, kioo hicho hunyanyuka, na ndicho kinachotoa ule mlio wa "klak" ambao kila mtu aliyewahi kuhudhuria arusi anaujua. Mwili wake ni wa madini ya magnesi, umezibwa usiingie vumbi wala maji kwa urahisi, na una uzito wa gramu 995 bila betri. Ukiifunga lenzi ya kazi, ile ya milimita 24 hadi 70, umening'iniza shingoni karibu kilo mbili, yaani pakiti nzima ya unga wa ugali.

X100V ilitolewa Februari 2020 kwa dola 1,400. Uzito wake wote, pamoja na betri na kadi, ni gramu 478. Lenzi yake haitoki wala haivuti. Ni ya milimita 23, ambayo kwa kipimo cha kamera za filamu ni sawa na ya 35. Kwa sura imefanywa ifanane na kamera za babu zetu, yenye magurudumu ya kuzungusha kwa vidole, na nadhani nusu ya wanaoililia huililia kwa ajili ya sura hiyo. Haitengenezwi tena. Mwaka 2024 iliingia X100VI, yenye megapikseli 40, kwa dola 1,600. Hata hivyo ile ya 2020 iliyotumika bado haishikiki kwa bei, ilhali D700 imeporomoka mpaka kijana wa Isebania ameweza kuifikia.

Sasa lile neno ambalo mpwa wangu alilitaja kila baada ya dakika tano: kihisi. (Wengine huita sensa, ijapokuwa haihesabu watu.) Hicho ni kibamba kinachokaa mahali ambapo zamani filamu ilikaa, na kazi yake ni kupokea mwanga. Kihisi cha D700 kina upana wa milimita 36 kwa 24, sawasawa na kipande kimoja cha filamu ya kawaida. Cha X100V ni milimita 23.5 kwa 15.6. Ukipiga hesabu ya eneo, kile kikubwa ni zaidi ya mara mbili ya hiki kidogo. Usikidharau hiki kidogo lakini, kwa maana simu nyingi za mkononi zina kihisi kinachotosha kulala juu ya ukucha wa kidole. Ndiyo sababu picha za kamera ndogo ya namna hii hazifanani na za simu, hasa usiku.

Fikiria mvua ya Machi na vyombo viwili uani: karai pana na sufuria ya kadiri. Karai litakusanya maji mengi zaidi, hilo halina ubishi. Ndivyo kihisi kipana kinavyokusanya mwanga. Lakini karai la 2008 lilikuwa na vitundu vidogo vidogo chini, na sufuria ya 2020 haivuji tone. Miaka kumi na miwili ya ufundi imeliziba pengo hilo. Usiku tulipozipiga taa za pikipiki barabarani na nyuso za wauza mahindi ya kuchoma karibu na stendi, picha za kamera zote mbili zilikuwa na chengachenga karibu sawa. Mpwa wangu alitarajia ndogo ingemgaragaza mzee. Haikumgaragaza, wala mzee hakushinda.

Kuhusu megapikseli usibabaike sana. D700 ina 12.1 na X100V ina 26.1, nambari zinazomfanya kijana aone ametajirika maradufu. Ukweli ni kwamba hizo 12 zinatosha kuchapisha picha safi ya sentimita 36 kwa 24, ambayo ni kubwa kuliko karatasi ya A4. Picha nyingi za Isebania huishia ukubwa wa postikadi, au moja ya fremu ya sebuleni, au kwenye kioo cha simu ambako hata nusu ya hizo ni nyingi mno. Kumbuka kwamba Nikon D1 ya 1999, iliyofanya magazeti mengi yaanze kuagana na filamu, ilikuwa na megapikseli 2.7 tu.

Jumamosi tukaenda arusini, katika kanisa moja kando ya barabara ya Kehancha.

Kanisa lilikuwa la mabati, lenye madirisha madogo na mlango mpana uliofunguliwa kuelekea jua. Wewe mwenyewe unajua jua letu la saa sita. Bibi arusi akaingia na mwanga huo wote mgongoni, amevaa gauni jeupe pe, na uso wake ni mweusi wa kupendeza. Hapa ndipo kamera hupimwa katika nchi zetu, wala si penginepo. Kwa D700 mpwa wangu alilazimika kuchagua: ama uso uonekane na gauni ligeuke karatasi tupu, ama gauni libaki na nakshi zake na uso uzame gizani. Alichagua uso, nami ningechagua hivyo hivyo. Kwa X100V nililinda gauni, kisha jioni kwenye tarakilishi nikaunyanyua uso kutoka gizani bila kuharibika. "Unaona, Mjomba?" akaniambia, kama wakili aliyemnasa shahidi. Niliona. Kwa jambo hilo kamera mpya ilishinda waziwazi.

Viapo vilipoanza mambo yakageuka. Lenzi yangu haivuti, hivyo ili nipate uso wa bibi arusi ilinibidi nisogee mpaka hatua tatu kutoka kwa mchungaji, ambaye alinitazama jicho la kuniuliza kama nami naoa. Nikarudi nyuma. Mpwa wangu alikuwa amesimama kando ya nguzo, amefunga lenzi ya milimita 85 aliyoazima kwa rafiki yake. Hakusogea hata inchi. Kutoka pale alipata pete ikiingia kidoleni, akapata na chozi la mama wa bibi arusi aliyekuwa ameketi benchi ya mbele, chozi lenyewe likiwa bado shavuni. Picha hiyo kwa kamera yangu isingewezekana, hata ningekuwa na miaka hamsini ya uzoefu.

Nje kukawa na mzee wa kupiga iritungu, wanawake wakapokea kwa vigelegele, na vumbi likatimka. D700 ina vituo 51 vya kulenga na hupiga picha tano kwa sekunde. Umri wake huwezi kuujua hapo. X100V ilijitahidi, lakini mchezaji akirukaruka kuja upande wako, mara nyingine ililenga ukuta wa nyuma yake. Kufikia wakati wa pilau betri yangu ilikata roho. Kiwanda chenyewe kinasema ni picha 350 hadi 420 kwa betri moja. Cha D700 kinasema 1,000. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Bahati ni kwamba hiyo ndogo huchajiwa kwa waya wa simu, basi nikaifunga kwenye betri ya akiba ya mfukoni, nikala pilau yangu nikisubiri.

Kisha kaka wa bwana arusi akaja kuuliza, "Na video?" D700 haina video kabisa. Si kwamba ni mbaya, haimo. Kamera za mwaka wake ndizo zilikuwa zinaanza tu kujifunza mambo hayo. X100V hupiga video nzuri mno. Mpwa wangu huzipiga kwa simu yake na kuomba Mungu. Hii ni hoja nzito kuliko zote alizonitolea, na nilimwambia hivyo.

Lakini kuna jambo nililoliona arusini ambalo haliandikwi kwenye karatasi ya kiwandani. Mshereheshaji alipaza sauti mara tatu, "Mpisheni mpiga picha!" na mara zote tatu watu walimpisha mpwa wangu. Mimi walinikanyaga. Mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye heshima zake, alinijia akaniuliza kwa upole kama picha zangu ni za kupelekea jamaa. Jioni, wakati wa kumalizia malipo, baba wa bwana arusi alihesabu noti, shilingi za Kenya na za Tanzania zimechanganyika kama ilivyo desturi ya mpakani, na huku akihesabu alikuwa akiitazama ile kamera kubwa mezani, kama mtu anayethibitisha kwamba fedha zake zimekwenda mahali panapoonekana. Unaweza kucheka, na mpwa wangu hukasirika. Lakini daktari akija wodini na fulana ya mpira, hata awe bingwa, mgonjwa atauliza daktari yuko wapi.

Sokoni ndogo ililipa kisasi. Kifuniko chake cha mwanga kimo ndani ya lenzi na sauti yake ni kama ya mtu anayefumba jicho. Wanawake wa ndizi na dagaa waliendelea kubishana bei, watoto hawakujipanga mstari kama wanajeshi, na mvulana mmoja wa mkokoteni niliyemwomba ruhusa alikubali, kisha akanisahau papo hapo. Mpwa wangu alipoitoa yake, soko zima liligeuka, wengine wakijirembesha, wengine wakidai walipwe kwanza, na mmoja akitaka kujua gazeti gani na lini.

Hapa niseme neno pembeni. Urahisi huo wa kamera ndogo ndio hatari yake. Kutoonekana si ruhusa. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mnamo Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kutumia picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mzazi unayemnunulia kijana kamera, yoyote ile, mweleze hilo siku hiyo hiyo. Na kama unakaa mji wa mpakani kama wetu, mwongezee kwamba maofisi na magari ya pale mpakani si mandhari ya kufanyia mazoezi. Kamera kubwa huulizwa maswali mapema, nayo ndogo huulizwa baadaye na kwa ukali zaidi.

Sasa nije kwa mama yangu, kwa sababu hapo ndipo hesabu zangu zilipovurugika.

Mama amepita miaka themanini. Picha zake zilizopo nyumbani ni mbili: ya kitambulisho, ambayo mtu yeyote huonekana kama mshtakiwa, na moja ya studio ya zamani ambayo maji ya paa yaliila upande wa chini. Nilikuwa nimetamani kwa muda mrefu kumpata akiwa yeye mwenyewe. Asubuhi moja nikakaa naye jikoni akichambua maharagwe, X100V iko magotini mwangu, sikuinyanyua hata usoni. Akaanza kunisimulia habari ya dadake aliyeolewa Tarime, na jinsi shemeji yao alivyowahi kuvuka mpaka na jogoo kwapani akidai ni mgonjwa anapelekwa hospitali. Alipofika kwenye jogoo akacheka, kichwa kimerudi nyuma, mkono umefunika pengo la meno, na mwanga wa mlangoni ukamwangukia shavuni juu ya moshi. Nikabonyeza. Hakusikia kitu. Nakuambia bila haya kwamba sijawahi kupiga picha nzuri kuliko hiyo, na kwenye tarakilishi ulikuwa unaweza kuhesabu nyuzi za kilemba chake.

Kesho yake mpwa wangu akamwambia, "Nyanya, nami nataka nikupige." Mama akamwangalia, akaiangalia ile kamera, akasema apewe muda. Muda wenyewe ulikuwa saa mbili nzima. Akaoga, akavaa kitenge cha siku kuu na viatu, akaagiza kiti cha sebuleni kitolewe uani na shuka safi litundikwe nyuma yake kwenye kamba. Akaketi. Akaweka mikono juu ya magoti, akainyosha shingo, akaikazia macho lenzi ile kubwa kama mtu anayemtazama hakimu na kumshinda. Klak. Klak. Klak. "Zinatosha," akasema, akanyanyuka mwenyewe.

Jioni tukamwonyesha zote. Ya jikoni aliitazama kwa muda, akauliza, "Ni nani huyu anayemwingilia mtu jikoni hajajifunga vizuri?" Nilijaribu kumweleza kuhusu mwanga na kicheko. Akanisikiliza kama anavyowasikiliza wauza dawa wa minadani. Kisha akaigusa ile ya uani kwa kidole. "Hii ndiyo picha. Hii ndiyo mtakayoiweka mbele siku ya kunisindikiza."

Hakuna aliyejibu. Dada yangu alikwenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Nililala nikilifikiria jambo hilo. Nilikumbuka wale wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, waliopamba vibanda vyao kwa michoro ya meli, ndege na majumba ili mtu asimame mbele yake na kutoka mtu mwingine. Wasomi wengi wamewaandika. Waliosimama pale hawakutaka kuvamiwa wakiwa jinsi walivyo. Walitaka kuulizwa wanapenda kuwa nani. Mashine kubwa, yenye kunyanyuliwa kwa mikono miwili na kutoa mlio, humpa mtu nafasi ya kulijibu swali hilo kabla ya kubonyezwa. Ile ndogo hulijibu kwa niaba yake. Sisi tunaokaa mijini, tuliozoea magazeti na maonyesho, tumefundishwa kwamba picha ya kweli ni ile ya mtu asiyejua anapigwa. Sina hakika tena kama mama yangu ni wa uongo katika ile ya uani. Huenda ndiyo ya kweli zaidi, kwa kuwa aliifanyia kazi saa mbili.

Na wateja wa mpwa wangu ni kina mama yangu. Hawamlipi ili awanase jikoni.

Yalibaki mambo ya mfuko, nayo niyapitishe haraka. D700 hutumia kadi za aina ya zamani, kubwa na nene. Nilizunguka maduka ya simu ya Isebania nikiziulizia, na kijana mmoja akanielekeza kwa wakala wa benki. Ni za kuagiza Nairobi. Kadi za X100V zipo kila kona. Kwa upande mwingine, lenzi ya X100V ikivunjika kamera nzima imelala, ilhali ya D700 utafungua na kufunga nyingine. Mdomo wa lenzi za Nikon za aina hiyo ulianza 1959, na D700 ina mota yake ndani, hivyo hata lenzi za miaka ya tisini zinazouzwa mitumba hulenga zenyewe. Isitoshe, wenye fedha duniani wanazikimbia kamera za kioo. DSLR ya mwisho ya mabingwa kutoka Nikon, D6, ilitoka 2020. Wanapokimbia, huacha lenzi nzuri kwa bei ya kutupa, na sisi wa mitumba hatujawahi kuona aibu kuokota kilicho kizima.

Wasiwasi mmoja wa haki ni uchakavu. Kifuniko cha mwanga cha D700 kilijaribiwa kiwandani kwa picha 150,000. Ya mpwa wangu imekwishapiga zaidi ya 110,000. Haimaanishi kwamba itakufa ikifika hapo, zipo zilizopita mbali, lakini ni kama gari la kilomita nyingi: linakwenda, huku ukiweka akiba ya fundi.

Siku ya tano nilimwambia dada yangu mbele ya mwanawe: mtamba abaki zizini. Kazi inayomlisha kijana huyu leo ni ya kusimama mbali na kuona karibu, ya kupiga kutwa bila stima, na ya kuonekana kwamba yeye ndiye mpiga picha. Kwa kazi hiyo mzee wa 2008 anamzidi kijana wa 2020. Lenzi moja ya milimita 85 iliyotumika, ambayo haifikii hata robo ya bei ya mtamba, itamwongezea wateja zaidi ya kamera mpya. Kama wewe msomaji unataka ya nyumbani, ya kuwapiga watoto wakikua na kwenda nayo matembezini, basi geuza hukumu yangu juu chini: nunua ndogo yenye kihisi kikubwa, ya jina lolote, na usiruhusu mtu akuuzie kilo mbili za kukaa kabatini.

Mpwa wangu hakufurahi. "Mjomba, unasema kama mtu wa filamu," akaniambia. Alinikumbusha video, akanikumbusha lile gauni jeupe, akasema wenzake wa rika lake wakioa hawatataka kukaa kwenye kiti mbele ya shuka. Yawezekana kabisa. Nilimjibu kwamba hao wakianza kulipa, wao ndio wamnunulie hiyo ndogo, si ng'ombe wa mama yake. Dada yangu alicheka. Yeye hakucheka.

Ameshanunua lenzi. Mtamba amepandishwa. Picha ya mama ya uani imechapishwa Migori, ikatiwa fremu, na imetundikwa sebuleni juu ya redio. Dadake wa Tarime ameshatuma ujumbe kwamba naye anataka apigwe, na kiti atakuja nacho mwenyewe. Ile ya jikoni nilichapisha nakala moja tu. Dada yangu aliniomba, akaifunika kwa kitambaa, akaiweka kwenye droo ya nguo zake mahali ambapo mama hafungui.